Mwamini, Mwali Tuliyemzuia Mlangoni

Ni mwaka sasa, Mwamini mwanangu, tangu Alhamisi ile ya mvua, tarehe 12 Machi 1998, ulipoketi juu ya robota la mitumba sokoni Kibiti ukasema mgongo unakupasuka. Kabla hatujafika zahanati ulikuwa umeshatuacha. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yako alitaka tangazo hili la kumbukumbu liwe la mistari minne. Mimi mama yako nimekataa. Nimenyamaza mwaka mzima, leo nasema.

Ulikuwa mfupi, tusifichane. Viatu vyako ulivichagua humo humo kwenye mitumba ya watoto uliyokuwa ukiuza. Mteja akija anauliza, "We mtoto, mwenye biashara yuko wapi?" Nawe unamjibu, "Kaenda kuoga. Niambie mimi, nitamfikishia." Unamtajia bei, unamfungia gauni lake, anaondoka hajui. Halafu unacheka mpaka ushungi unakudondoka. Watoto wa kijiji cha Chumbi wasio na nguo ya Idi ulikuwa ukiwawekea pembeni, unawaambia mama zao nguo ina doa, haiuziki. Doa lenyewe hakuna aliyeliona.

Wenzio wote walivunja ungo, wakawekwa ndani, wakachezwa, wakaolewa. Wewe miaka kumi na sita, kumi na saba, kimya. Mimi na mdomo wangu nikasema umerogwa. Tukakupeleka Ngarambe kwa mganga, ukachanjwa, ukanyweshwa mizizi, ukatapika siku tatu. Mizizi ile nisamehe. Ni wewe mwenyewe uliyesema basi, ukapanda gari na kaka yako Hemedy mkaenda hospitali kubwa Dar es Salaam.

Damu yako ikapelekwa nje ya nchi, majibu yakachukua miezi. Uliporudi ulituketisha barazani ukatueleza kama mwalimu. Ukasema ndani ya mwili kuna kromosomu, ndizo zinazobeba maumbile ya mtu. Mwanamke kwa kawaida ana X mbili. Wewe ulikuwa na moja tu, tangu tumboni mwangu. Ndiyo maana hukurefuka, ndiyo maana mayai ya uzazi hayakufanya kazi. "Si uchawi," ukasema, "wala si kosa la mama, wala la baba." Kisha ukalia, na mimi nikalia. Ulipewa vidonge vya kufanya kazi ambayo mwili haukuifanya, na vingine vya presha. Na kulikuwa na jambo moja ulilotwambia mara mbili: mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo umeanza kutanuka, na daktari lazima autazame kila baada ya miezi sita.

Mapema mwaka 1997 vile vidonge vikaleta damu. Lo! Shangazi yako Kijakazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Ukamwambia, "Shangazi, ni dawa hiyo. Kuzaa sitazaa."

"Nyamaza wewe," akasema. "Ungo ni ungo."

Lakini macho yako yalikuwa yanacheka. Ngoma ya kuchezwa mwali uliingoja miaka sita. Nilikuwa nakusikia jikoni ukiimba peke yako nyimbo walizochezewa wenzio. Tukakuweka ndani uwe mwali, na miaka yako ishirini, na hakuna aliyethubutu kukucheka.

Tarehe yako ya kliniki ilikuwa Jumanne, 17 Juni. Ulikuwa umeiandika kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda. Asubuhi ile ukavaa, ukasimama mlangoni na kadi mkononi.

"Mama, leo ni siku ya moyo."

"Mwali hatoki," nikasema. "Unataka kuniaibisha? Damu imekuja, umepona."

"Damu ni kitu kingine, mama. Moyo ni kitu kingine."

"Utakwenda ukishatolewa."

Ulinitazama, ukavua vile viatu vyako vya kitoto ukarudi ndani. Hukubishana, maana ngoma uliitaka kuliko nilivyoitaka mimi. Hilo ndilo linaloniua.

Septemba ukatolewa. Ulipendeza, jamani! Ulicheza mpaka Kijakazi akaomba maji. Baada ya hapo kila mtu akasema umepona, Dar ukafanye nini tena? Vidonge vya presha vikaisha, hatukuvifuata. Novemba ulinikumbusha, nikakwambia ngoja mvua zikatike. Mwaka ule mvua hazikukatika.

Mwezi uliopita nimekwenda mimi na kadi yako. Daktari akauliza mgonjwa yuko wapi. Nilipomwambia ulivyolia na mgongo, alivua miwani akasema huenda ni ule mshipa uliopasuka. Nikamwuliza kama ile Jumanne ingekuokoa.

"Sijui, mama," akasema. "Lakini ningeuona."

Nimerudi nyumbani na neno hilo. Nalala nalo, naamka nalo.

Ila sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Yasmini, binti wa jirani yetu Mashavu. Ana miaka kumi na sita, mfupi, na ungo bado. Mama yake alikuwa tayari amefunga safari ya mganga. Tumegombana barabarani mpaka watu wakatoka madukani, lakini binti nimempata. Damu yake imechukuliwa, majibu hayajatoka. Moyo wake umetazamwa, na amepewa tarehe ya kurudi. Nanyi wazazi mnaosoma hapa, binti akifika miaka kumi na tano hajavunja ungo, au akiwa haongezeki kimo na wenziwe wanakua, mpelekeni hospitali. Akipewa tarehe, ishikeni.

Tarehe yako, Mwamini, bado iko ukutani. Nyumba imepakwa chokaa, pale nimewazuia wasipaguse. Chini yake nimeandika ya Yasmini. Siku hiyo hata awe mwali ndani na ngoma inalia uani, nitamfungulia mlango mimi mwenyewe, mchana kweupe, na watu waseme watakavyo.

Unakumbukwa na baba yako Sadallah, ambaye kila Ijumaa anapita kaburini kwako na hasemi alikokuwa. Kaka yako Hemedy, anayeendelea na meza yako sokoni na anaona haya kusema nguo ina doa kama ulivyosema wewe. Shangazi yako Kijakazi, ambaye tangu ulipotuacha hajashika ngoma. Na mimi mama yako, Semeni.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze mahali pema. Hatutakusahau maisha yetu yote, mwali wetu. Nisamehe na ule mlango.