Dubu Alikuwa Njiani

Mtani wangu Mihambo,

Leo sianzi na salamu. Usinune. Salamu ipo, nimeiweka mwisho, na tukifika huko utajua kwa nini mkono umekuwa mzito. Ukiona herufi zinapandiana usicheke, niliishia la nne. Wewe uliyefika la saba hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja, na sasa ndiyo basi tena.

Ni hivi. Binti yangu Zuhura, ninayekaa kwake hapa Kibaha, alikwenda Kwa Mathias kununua sukari akarudi na diski. Katuni yetu, mtani. Ile ya familia ya dubu. Anasema wenyewe walioitengeneza zamani wameisafisha upya, picha moja moja, wakaitoa tena watu waangalie majumbani. Nikamuuliza kwani ilikuwa chafu wapi? Akasema baba tulia, angalia.

Nikatulia. Nina hasira mpaka leo.

Kwanza, dubu si wa kijani. Miaka yote kwenye kile kibanda umiza chetu cha video pale Marui, jenereta inanguruma na watoto wamejaa mkekani, dubu alikuwa wa kijani kama mchicha, na wewe mtafsiri ukawatangazia watu kwamba Ulaya ndivyo walivyo. Kumbe wa kahawia. Kijani kilikuwa cha televisheni yetu. Halafu mvua hakuna. Ile mistari iliyokuwa ikishuka kwenye picha toka mwanzo hadi mwisho, si ulishika kipaza sauti ukasema mvua ya huko haikatiki, ndiyo maana wote wamevaa manyoya? Nilikuamini, mjinga mimi. Sasa wameifuta. Jua linawaka kila mahali, dubu wanatembea wanang'aa kama wametoka kuoga kwenda harusini. Nani aliwaomba?

Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni pale katikati.

Unakumbuka siku ya kwanza tu deki ilivyoutafuna mkanda. Baba dubu anamuaga mkewe, anaingia msituni kutafuta chakula, na hapohapo krrr. Ukakata kipande kilichosagika, ukaunga kwa selotepu. Toka siku hiyo baba dubu akawa anaingia msituni, zinapita chenga kwenye kioo, halafu huyo anarudi nyumbani hana sikio moja. Mkewe anamzaba kofi, kisha anampakulia. Katikati hakuna aliyepaona.

Basi tukawa tunapajaza wenyewe. Wewe ukasema amenaswa mtegoni, sikio likabaki huko, na muda wote yuko njiani anarudi kwake. Mimi nikasema mtego gani huo unaokamata sikio? Huyo ana mke mwingine msituni, na huyo mwingine ndiye aliyemng'ata. Ukitafsiri wewe, akina mama walijifuta macho kwa kanga. Nikitafsiri mimi, kibanda kizima kilicheka mpaka makuti yakatikisika, nami nikahesabu nimeshinda. Ndipo ukaweka ile ahadi yako mbele ya mkeo, Mama Kulwa: siku ukweli ukijulikana, aliyekosea atamwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi mpaka kufa. Mimi na wewe, watu wa rika moja, hakuna anayejua nani alimtangulia mwenzake kuzaliwa. Tukashikana mikono.

Toka hapo kila asubuhi ulipita mlangoni kwangu na jembe begani. "Mzaramo, sema." Nami nakujibu, "Anza wewe, mbeba mizigo wa bara." Hatukuwa na salamu nyingine.

Sasa diski imeonyesha. Ni mtego, Mihambo. Waya wa wawindaji. Kichwa kimenasa, anavuta, anavuta, sikio linabaki kwenye waya, halafu anatembea. Sehemu yote iliyobaki ni kutembea tu, mlima, mto, mlima. Mke mwingine hayupo. Hata mzaha mmoja wa kusingizia hawakuweka. Zuhura alipogeuka kunitazama nilikuwa nimeinamia ndara zangu.

Si wangeitoa ukiwa hai? Au wangengoja na mimi nife, tukagombane huko? Korosho hazijaanguka mara mbili toka tukuzike. Na siku ile, unajua nilichofanya. Nilidai haki yangu ya utani, nikashuka kaburini kabla yako, nikajilaza, nikasema hapa hazikwi mtu mpaka aniamkie. Watu walicheka huku wanalia. Wakanibembeleza kwa kuku ndiyo nikapanda. Nimemla yule kuku, Mihambo, kwa ushindi usio wangu.

Nikaipeleka diski Marui kwa Mama Kulwa. Aliangalia mpaka sikio lilipokatika, akajifunika kanga usoni, mabega yanacheza, na sijui mpaka sasa kama alikuwa anacheka. Alipofunua uso akasema, "Shemeji, umeona. Mwamkie."

"Nimwamkie nani? Mwenyewe hayupo."

"Ulipojilaza kaburini kwake ulisema anakusikia."

Nikajitetea. Nikasema tulikubaliana mpaka kufa, na mmoja si ameshakufa, basi yamekwisha. Akasema hapana, ni mpaka kufa kwa aliyekosea. Sijui ulimtoa wapi yule mwanamke.

Asubuhi nikaenda nikasimama pembeni ya kaburi lako. Nimevua kofia, nimefungua mdomo. Haikutoka. Usidhani ni kiburi, kiburi changu unakijua, kina bei, hata kuku mmoja anatosha. Ila ukimwamkia mtu unasimama unangoja akuitikie. Nikaona nitasimama pale mpaka jua la utosi, wapita njia wanauliza mzee umepotelewa na nini. Nikavaa kofia nikarudi Kibaha, nikamkaripia Zuhura kwa kununua diski badala ya sukari. Maana sukari yenyewe alisahau.

Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi mtu anaamkia, anakunja, hangoji kitu. Ya kesho nayo nitaiandika, na ya keshokutwa, mpaka nife, Mama Kulwa afurahi. Lakini ujue nimekasirika. Ulipatia, ukaondoka bila kujua kwamba ulipatia, ukaniachia mimi nijue peke yangu.

Haya. Usicheke.

Shikamoo, Mihambo.

Mtani wako,
yule wa mke mwingine msituni