Gari la Baba na Mlima wa Hospitali

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka Mshale,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na wifi je, na wale watoto wanaokua bila sisi kuwaona? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwenye simu na kusingizia mtandao? Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, paka mzima, na Mama anaendelea, ingawa habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika. Kwenye simu husikilizi, unauliza tu kama lile gari chakavu la Baba tumeshaliuza.

Hatujaliuza. Nitakueleza kwa nini.

Tangu Mama apate kiharusi, anatakiwa kufanya mazoezi ya mguu hospitalini mara mbili kwa wiki. Hospitali, kama unakumbuka, iko juu kabisa mlimani. Gari la Baba lilikuwa halijawahi kuupanda mlima ule. Maisha yake yote lilizunguka huku chini: karakana, sokoni, nyumbani. Mwezi wa nne nilimpakia Mama, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, na katikati ya mlima likazimika. Wanaume wawili waliovaa suti walitusukuma, na Mama akawa amejifunika uso kwa mkoba. Safari ya pili likazimika palepale. Akasema hatasukumwa tena kama mkokoteni, na teksi hapandi wakati gari la mumewe liko mlangoni. Unamjua mama yako.

Wiki tatu hakwenda. Daktari wa mazoezi akanipigia: akikosa wiki nyingine mbili, mguu ule utabaki wa kuburutwa maisha yake yote.

Basi nikaanza kulitafutia gari nguvu, mimi ambaye nilikuwa sijui hata boneti inafunguliwa wapi.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa shemeji yako, ambaye ushauri haujawahi kumwishia. Akafunga ekzosi nene, akasema gari sasa litapumua. Likawa linanguruma kama lori na kwenda mwendo uleule. Majirani walitoka nje kuangalia kinachokuja, na kabla hatujawafikia walikuwa wamepata muda wa kurudi ndani.

Nikampelekea fundi wa mtaa wa pili, yule wanayemwita Taratibu. Yeye hakununua kitu cha kujionyesha. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akatoa chujio la hewa lililokuwa jeusi kama tako la sufuria. Breki za nyuma zilikuwa zinashika muda wote, akazilegeza. Matairi akayajaza upepo. Kisha akafungua buti, akaniita nije nione. Ndani mlikuwa na randa mbili za seremala, jiwe la kunolea, misumari ya kujaza ndoo na mbao za kiti ambacho Baba hakukimaliza. Kumbe nilikuwa nampandisha Mama mlimani pamoja na karakana nzima.

Tulijaribu tena bila Mama. Gari likapita pale lilipokuwa linazimika, likafika kwenye tangi la maji, likakata roho.

Taratibu akafungua boneti, akavuta waya wa mafuta kwa mkono. Injini ikaunguruma mpaka kunguru wakaruka. Akaniambia nikanyage mwenyewe kutoka ndani. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, ikatoa nusu ya ile sauti.

"Dada, injini haina ugonjwa," akasema. "Kuna kitu kinauzuia mguu wako."

Akainua kapeti. Chini yake kulikuwa na kapeti nyingine, imebandikwa kwa gundi. Akaibandua. Chini kabisa ya pedeli ya mafuta palikuwa na kibao, ukubwa wa kipande cha sabuni, kimefungwa kwa skrubu mbili. Kimepigwa msasa, kona zimelainishwa. Sikuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Tulipokifungua na kukigeuza, kulikuwa na mwandiko wa penseli ya seremala: "Kwa ajili ya Mshale. Kitolewe akitulia." Na tarehe: ni wiki ile ile uliyoangusha geti la jirani kwa gari hili.

Kwa hiyo, Kaka, ule mwendo uliokuwa ukitutambia ulikuwa nusu.

Lakini nilichofikiria zaidi ni Baba. Ulipoondoka, aliendesha na kile kibao miaka yote mpaka alipofariki. Baiskeli zilimpita, naye akazipungia mkono. Tulimcheka. Mimi nilidhani ni uzee. Skrubu mbili tu, na bisibisi haikuwahi kutoka mfukoni mwake.

Nilipomwonyesha Mama, alikigeuza akasoma. "Baba yenu alisema atakitoa Mshale akirudi," akasema. "Mimi nilishasahau kama kipo." Nilikwenda kukaa ngazini nikalia, sikufichi.

Jumatano iliyofuata tulipanda. Gia ya pili, moja kwa moja mpaka mlangoni. Mama hakunisifu, alisema tu, "Kumbe." Ameshakwenda mara sita, na daktari anasema vidole vya mguu vimeanza kuitika.

Taratibu alitaka kukitupa kibao. Mama alikipokonya, na alitumia mkono wa upande ule uliopigwa na kiharusi. Sasa kiko dirishani sebuleni. Ameniambia nikuandikie swali lake kama alivyolitamka, nisilipambe: je, umetulia?

Msalimie sana wifi, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Shemeji yako anakusalimu, na ekzosi yake bado ipo. Mungu akulinde, akufungulie njia ya huku. Usijibu kwa simu. Njoo Mama akuone, atajua mwenyewe. Skrubu mbili nimezihifadhi, iwapo jibu ni hapana.

Mdogo wako akupendaye, siku hizi akikanyaga hadi mwisho,

Kitindamimba