Matembezi ya Baba

Isongole, Bundali,
Posta ya Tukuyu,
Tanganyika.
Tarehe 9 Julai, 1954.

Mpendwa mdogo wangu Lusubilo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu milimani, ambako baridi ya mwezi huu imetufungia jikoni kama kuku. U hali gani huko migodini Mufulira? Bado unashuka chini ya ardhi, au wamekupa kazi ya juu? Kifua chako je? Sisi tu wazima. Maharage yamekubali mwaka huu, na Jonasi mume wangu anakusalimu, ingawa anasema huenda umekwisha kuisahau sura yake.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nimekukumbuka sana, mdogo wangu. Nikisikia mtu anacheka njiani kwa kicheko kinachofanana na chako, naacha kazi na kutoka nje kama mjinga.

Sasa usishtuke: baba alilazwa, lakini ametoka hospitali na anatembea. Nimeanza na mwisho ili haya mengine uyasome moyo ukiwa umetulia.

Wakati wa mvua baba aliacha kutoka nje. Akiamka anaketi kwenye kigoda chake karibu na moto, na hapo ndipo jioni inapomkuta. Tulidhani ni uzee. Kaka yetu Amoni akasema mzee amekwisha kufanya kazi ya kutosha, tumwache apumzike. Tukawa tunamletea kila kitu mkononi, hata maji ya kunawa, tukajiona watoto wema.

Kisha mguu wa kushoto ukavimba kuanzia chini ya goti, ukawa wa moto na kumuuma. Nikaukanda kwa mafuta. Haukupungua, nikaukanda tena kwa nguvu zaidi. Mara akaanza kukosa pumzi. Amoni na wenzake wakambeba kwa machela mpaka hospitali.

Daktari alinigombeza kwa ule ukandaji. Alisema damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kilimeguka kikapanda mpaka kifuani. Kingekuwa kikubwa zaidi tungerudi na maiti. Akauliza mzee anashinda akifanya nini. Tukajibu, tena kwa fahari, kwamba hafanyi lolote. Akatikisa kichwa. Akasema miguu ya mzee isipofanya kazi damu yake hulala, na damu iliyolala ni rahisi kuganda. Akipata nafuu atembee kila siku, polepole, asikae kutwa.

Tulipomrudisha nyumbani, baba huyo akarudi kwenye kigoda. Tukabembeleza, wapi. Siku moja nikakasirika, nikamuuliza kama anataka kufa. Akasema:

"Enesi, mke wa Lusubilo anachota maji peke yake, analima peke yake. Nikisimama mlangoni anakimbilia migombani na mtungi kichwani. Alianguka, mtungi ukavunjika, nami nikimwona. Nikaona heri nikae."

Lusubilo, nililia. Mila yetu unaijua, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani njiani. Amoni na mkewe wamehamia ng'ambo ya kijito, kwa hiyo anayepita mlangoni kwa baba ni Jenista wako tu. Mzee alikuwa anajifungia ndani ili mkeo apite kwa raha, na huruma hiyo nusura imuue.

Nikampelekea Jenista maneno hayo, maana yeye mwenyewe hawezi kuzungumza na baba. Alinisikiliza huku anapepeta ulezi, kisha akasema, "Mwambie baba akitoka aimbe. Nikimsikia nitatua mtungi taratibu, nimpishe."

Basi sasa baba anaimba. Sauti yake unaijua. Hata mwalimu wa kwaya alimwomba yeye awe anasali tu. Anajua ubeti mmoja wa wimbo mmoja, na kilima kizima kimeuchoka. Lakini uvimbe umepungua na pumzi imerudi, Bwana asifiwe. Daktari alimwambia atembee, hakumwambia aelekee wapi. Kila siku anashika njia ile ile, mpaka barabarani wanakoshukia watu wa migodini, na anawatazama usoni mmoja mmoja.

Amenikataza kukuandikia habari za mguu. Anasema mwana anayekuja kwa ajili ya mguu ataondoka mguu ukipona. Nimemkaidi, kwa sababu daktari alisema ugonjwa huu huweza kumrudia mtu wa umri wake. Njoo, ndugu yangu, angali anatembea.

Amoni, Jonasi, binti yangu Leah na shangazi Ketrina wanakusalimu. Baba naye angekusalimu kama angejua ninaandika. Mungu akulinde huko chini unakochimba, akupandishe salama na kukuonyesha njia ya kwenu.

Jenista nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Akajitwika mtungi akaenda zake. Kila asubuhi wimbo ukisikika anatua mtungi, anaingia migombani na kuinamisha kichwa mpaka mkwe apite. Wanawake wenzake wanamcheka, eti anamkimbia baba wa mume asiyekuwepo. Yeye anawajibu kwamba hilo ndilo pekee lililobaki la kuonyesha kuwa ameolewa.

Ni mimi dada yako akupendaye na kukungoja,
Enesi