Gunia Mbele ya Lori la Tata

Mombasa, 14 Julai

Kwa kaka yangu Ombati,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi ya Gesima? Mimi ni mzima. Gereji ina kazi nyingi, na tangu tumzike Tata, baba yetu, naona afadhali kazi kuliko kukaa.

Uliponipigia simu ukasema unauza lori la Tata kwa sababu halipandi tena mlima wa Manga na ndizi, nilikata simu. Nisamehe. Leo nina jibu.

Juzi lililetwa lori la turbo kama letu, halina nguvu, linatoa moshi mweusi. Fundi Athmani, anayenifundisha kazi, alifungua mbele akatoa nailoni kubwa iliyonasa kwenye kipoza hewa na kuziba upepo. Mafundi hukiita intakula. Kinafanana na rejeta, ila ndani hupita hewa, si maji. Akaniuliza kama nakumbuka pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Turbo ni hivyo hivyo: inashindilia hewa, nayo inachemka. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo injini inapata kidogo na mafuta hayaungui vizuri. Ikipitia kwanza kwenye kipoza kinachopigwa na upepo wa mbele, inapoa, inasongamana, inaingia nyingi. Nguvu inatoka hapo.

Nikamwambia sisi nyumbani tumefunga gunia hapo mbele.

"Nyinyi Wakisii mwalivisha gari sweta?"

"Kwetu kuna baridi."

"Basi lipikieni na uji."

Nilicheka, Kaka, kisha nikaenda nyuma ya gereji nikalia. Mimi ndiye niliyemshikia Tata kamba. Lori la kwanza halikuwa na turbo, na gunia lilisaidia injini ipate joto asubuhi. Aliponunua hili akalifunga gunia lile lile, lenye uzi wa buluu aliolishonea Mama. "Gari nalo linataka shuka," alisema. Mwaka wake wa mwisho wote lori lilimsumbua mlimani. Alikuwa anashuka, anapapasa boneti, analiambia pole, akidhani amelichosha kwa mizigo.

Najua hujaligusa gunia kwa sababu fundo ni la mkono wake. Hata mimi ningeogopa. Lakini tafadhali lifungue kabla mnunuzi hajaja. Usikate kamba, fungua polepole. Osha kipoza kwa maji ya kumwagia tu, kisha pakia ndizi kama kawaida na upande mlima. Likishindwa, uza, sitasema neno.

Gunia mpe Mama alikalie akichambua mboga za chinsaga. Msalimie sana, pamoja na wifi yangu Kwamboka, mkeo, aliyemwosha Tata miguu alipokuwa hawezi kuinama.

Ukifika juu Manga bila kusimama, piga honi mara mbili kama Tata alivyokuwa akipiga, na unikumbuke.

Dada yako,
Moraa