Matikiti ya Rihab, kwa kisu

Haki ya Mungu, kila neno humu ni kweli tupu, kama hamniamini mkaulize lori.

Mama Nizar, tikiti liko kwenye friji, jibini nyeupe iko chini yake. Kuleni, msinisubiri. Rihab, binti yangu, kanunue mbegu, ukapande tena. Mzigo wako wote umekwisha.

Asubuhi dalali wa sokoni aliyatazama matikiti yako akasema, "Mzee, haya ndani meupe. Nitayachukua ya kulishia kondoo." Nikageuza lori, nikaegesha kando ya barabara iendayo mji wa Salt, nikapaza sauti: "Kwa kisu, jamani. Nakata kwanza, unalipa baadaye. Likitoka jeupe, nanyoa masharubu haya."

Nikakata, jekundu. Nikakata jingine, jekundu. Bibi harusi alishuka garini na shela lake, akala vipande vitatu. Hata yule dalali alikuja kupanga foleni, nikamuuzia kwa bei ya bwana harusi, yaani maradufu.

~~Yote yalikuwa mekundu.~~

Yote yalikuwa mekundu ila la mwisho, na la mwisho alilitaka Fadwa, dada yake mama yako. Nikalikata mbele ya umati. Akalitazama, akaniuliza, "Shemeji, hili ni tikiti au jibini?"

"Jibini," nikamjibu. "Nimekuongezea bure."

Watu walicheka, lakini Fadwa hakusahau kiapo. Sasa yuko nje garini ananipigia honi, twende kwa kinyozi.

Jioni akibisha mzee asiye na masharubu, mfungulieni. Ni mimi.

Baba