Mwaka wa Kwanza wa Baba Bustanini: Kwa Mama Yetu Veronica Ndayiragije

Mwaka umetimia, Mama, tangu kiangazi kile tulipokulaza katika ardhi ya Nyakitonto. Sisi wanao tungependa kukuambia kwamba bustani yako inaendelea vizuri. Haiendelei vizuri. Inaendelea, basi, na anayehangaika nayo ni Baba.

Wewe ulikuwa mtu wa bondeni. Wakati milima imekauka na watu wanangoja mvua, wewe ulikuwa na matuta ya mchicha, ngogwe, karoti na kabichi kando ya mfereji, na hukutia dawa ya dukani hata tone. Ulitumia samadi, majivu, na lile pipa la majani ya utupa ya kuulia wadudu ambalo likifunuliwa Baba anahamisha kiti chake. Jumamosi ulipanga mboga sokoni Kasulu. Wateja wako walikuwa manesi na walimu waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, wakikuuliza jani hili linapikwaje, nawe ukieleza kana kwamba hujawahi kuulizwa. Aliyesema ana mgonjwa nyumbani ulimwongezea fungu. Hata kuku uliwafukuza kwa sauti ya chini.

Baba, fundi seremala tangu ujana wake, aliijua bustani kwenye sahani tu. Matanga yalipokwisha, Recho, mtoto wako wa kwanza, alimshauri bonde likodishwe. Baba akasema, "Mama yenu hakukodisha." Kesho yake tukamwona ameshika jembe lako. Akautazama mpini, akasema umelegea, akashinda anautengeneza. Siku hiyo hakulima.

Mvua za kwanza zilipokuja aling'oa miche yako ya mchicha akidhani ni magugu, akaacha magugu. Kabichi zililiwa na viwavi zikabaki mishipa. Alikoroga dawa yako ya utupa, akaikoroga nyepesi mno, viwavi wakaendelea na chakula chao. Masika yalipochacha maji yakabeba tuta zima la karoti hadi kwa jirani. Tulikuwa tunamsikia kutoka jikoni akisema nawe huko bondeni: "Veronica, na hili nalo hukuniambia."

Hatukucheka, Mama. Labda Gasper kidogo.

Ila kiangazi kilipoingia, akapatia. Mchicha uliota sawasawa, mwororo, wa kijani kile unachokijua. Alituita wote tukautazame. Tulisimama pale kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga, naye anajifanya anaangalia mfereji.

Ndipo Mjomba Isack akafyeka matete.

Unamjua mdogo wako. Shamba lake la nyanya liko juu ya bonde letu na dawa anapuliza tangu zamani. Lakini ulipokuwa hai aliacha ukanda wa matete mpakani, na alipuliza alfajiri upepo ukiwa umelala. Mwaka huu alifyeka matete yote, akapanda nyanya hadi ukingoni, na siku moja mchana, upepo ukishuka, akabeba bomba lake. Baba alikuwa bondeni ananyweshea. Aliuona ule ukungu unavuka mpaka na kutua juu ya mchicha.

Akapanda hadi kwake.

"Isack, upepo unaleta dawa yako kwangu."

"Upepo si wangu, muramu," Mjomba akasema. Alimwita shemeji yake kwa Kiha, lakini bomba hakulitua.

"Ulimwahidi Veronica kwamba matete yatabaki."

"Nilimwahidi dada yangu. Dada yangu amekufa. Wewe sikukuahidi kitu."

Baba akashuka. Jioni hakula. Asubuhi aling'oa matuta yote yaliyoelekea kwa Mjomba, mchicha ule ule aliotuitia tukautazame, akauchimbia shimo akaufukia, hata mbuzi wasiuguse.

Jumamosi alipeleka sokoni karoti chache na ngogwe za tuta la mbali. Mwalimu Asnath, yule wa kutoka Singida aliyekuwa akikuita dada, alifika akatazama meza.

"Mzee Dionis, mchicha uko wapi?"

"Umeingiwa na dawa. Nimeung'oa."

"Si ungeuosha tu?"

"Mwalimu, tangu mke wangu afariki nimeosha vyombo vingi. Ninajua kinachotoka na kisichotoka."

Mwalimu alinunua karoti. Manesi walipita, wakaona hakuna mchicha, wakaenda kwa wengine. Jumamosi iliyofuata hawakupita kabisa. Baba alirudi na kapu karibu kama alivyoondoka nalo, akalitupa barazani, akasema hajui kwa nini anajisumbua. Tulikuwa hatujawahi kumwona akitupa kitu, maana fundi hatupi.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alikuja, akatembea mpakani, akasema kila mtu analima chake, wazungumze kindugu.

"Udugu ndio uliotufikisha hapa," Baba akamjibu.

Recho akaona aende mwenyewe kwa mjomba wake. Alimkuta anafunga nyanya kwenye miti, akamsaidia kufunga mstari mzima kabla hajasema lolote. Kisha akamuuliza, "Mjomba, matete yalikukosea nini?"

Mjomba alikaza fundo alilokuwa akifunga. Halafu akasema, "Dada yangu aliugua, akapelekwa hospitali, mimi niko hapa hapa juu, nasikia vifo vya watu wa Kibondo redioni na vya nyumbani sisikii. Nilipofika alikuwa amefunikwa. Baba yako alimwambia kila mtu isipokuwa mimi. Mimi nilimwomba Mungu aniambie nimekosa nini, hakuniambia."

Recho alirudi akayasema hayo kama alivyoyasikia. Baba alikuwa anapiga randa ubao. Aliendelea kupiga.

"Simu yake ilikuwa haipatikani."

"Ungemtuma mtu, Baba. Ni kupanda mlima tu."

Randa ikasimama. "Ningemtuma," akasema.

Ilimchukua siku kadhaa. Alifika hadi mpakani akarudi, tukamwona. Akafika tena akarudi, akidai amesahau kofia. Mwishowe akaenda. Mjomba alikuwa ameinama kwenye nyanya.

"Isack, nilipaswa kutuma mtu."

"Ulipaswa," Mjomba akasema. Hakuinuka.

Hayo tu, Mama. Tungependa kukuandikia kwamba walishikana mikono. Baba alisimama kidogo, akasema nyanya zinahitaji maji, Mjomba akasema anajua, basi.

Lakini wiki ile mke wa Mjomba alishuka na ujumbe: "Anasema kesho anapuliza. Mfunike mboga." Tangu hapo mara nyingi akitaka kupuliza analeta habari. Matete hajayarudisha. Baba alipasua mianzi akaipinda, akaisimika juu ya matuta, akanunua mashitingi makuukuu, yale maturubai ya nailoni yaliyosambaa masokoni kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, na sasa Mjomba akipuliza sisi tunafunika. Ni kazi ya kuchosha. Tukichelewa kufunua, jua linaupika mchicha ungali shambani. Upepo ukikaza, shitingi linaruka tunalikimbiza hadi mferejini, Baba nyuma yetu akisema maneno ambayo usingeyaruhusu nyumbani. Pale yalipokuwa matuta aliyong'oa Baba, mwanao Claudine amepanda matete mapya upande wetu, lakini bado ni mafupi, hayazuii hata kuku.

Mwalimu Asnath amerudi mezani. Alishika fungu la mchicha akalalamika kwamba ni dogo. "Ndilo lililopo," Baba akamwambia, akamwongezea majani mawili. Manesi bado.

Juzi tulikaa kuandika tangazo hili. Tulipofika kwenye majina ya wanaokukumbuka, Gasper akasema jina la Mjomba lisiwepo. Baba alikuwa anashona shitingi lililochanika.

"Mwandike. Baada yangu mimi, yeye."

"Baba, jana amepuliza mchana na hakutuma neno."

"Ninajua. Nimefunika mimi peke yangu." Akakata uzi kwa meno. "Alikuwa na dada mmoja tu. Mwandike."

Tumemwandika.

Wanaokukumbuka ni mumeo Dionis. Mdogo wako Isack wa shamba la juu na mkewe Elise. Wanao Recho, Gasper na Claudine. Wajukuu, majirani wa bondeni na wateja wako wa Jumamosi. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii kigangoni Nyakitonto, kisha tutakula nyumbani: mboga za bustani yako, chache zilizopatikana, na nyanya ambazo Mjomba ameshatuma kusema ataleta, na ambazo Baba amesema zioshwe mara nyingi, zipikwe, naye atakula.

Masika na kiangazi, Mama, hutatutoka moyoni.