Miwani Iliyokwenda Saint Ann

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zikukute mzima huko Houston. Hapa Carrollton tupo. Magoti yanamsumbua bibi yako, na mimi siku hizi nachoka mapema.

Umeniuliza kwa nini ghalani kwenu, mnakopokea mizigo ya Jamaika, wanakulazimisha umsomee mteja jina la parishi, wakati namba yake inatosha. Jamaika ina parishi kumi na nne, kama mikoa ya kwetu, kila moja na namba yake. Ujanani, nikifunga mizigo hapa jirani, Dallas, nilizikariri zote nikajiona bingwa. Mama mmoja Mjamaika alimtumia mama yake miwani, Saint Mary. Hiyo ni tano. Nikaandika sita, Saint Ann, bila kumsomea.

Alirudi baada ya mwezi.

"Kijana, mama yangu umemhamishia wapi?"

"Namba zote ninazo kichwani, mama."

"Kichwa hicho hicho ndicho kilichompoteza!"

Tuliitafuta miwani hadi ikapatikana. Ilipomfikia, yule mama mzee alisoma mwenyewe barua za binti yake. Mpaka siku hiyo alikuwa akisomewa na jirani, na kwa sababu hiyo kulikuwa na mambo ambayo binti hakuwahi kumwandikia.

Babu yako anayekuombea